Majani ya Nsala, Vijiti vya Lontulu: Simulizi za Hisani Zisomwapo Ganshoren

Tarehe 12 Oktoba 1905, Mfalme Leopold wa Pili aliweka jiwe la msingi la Basilika ya Moyo Mtakatifu kwenye mwinuko wa Koekelberg, kaskazini-magharibi ya Brussels. Ubelgiji ilikuwa ikiadhimisha miaka 75 ya uhuru wake. Ujenzi ulichukua zaidi ya nusu karne, na vita viwili vya dunia vilipita kabla haujakamilika. Leo jengo hilo limekalia mpaka: uso wake unautazama mji kupitia bustani ya Elisabeth huko Koekelberg, na mgongo wake unaingia katika manispaa ya Ganshoren.

Mwaka huohuo wa 1905, Mark Twain alichapisha Boston kijitabu cha dhihaka ambamo Leopold anajisemea peke yake na kuwalaani wanaomfichua. Mapato yake yalikwenda kwa Chama cha Mageuzi ya Kongo. Mwishoni mwa mwaka huo ilitoka pia ripoti ya Tume ya Uchunguzi, tume ambayo mfalme mwenyewe aliiteua akitumaini itamsafisha, nayo ikathibitisha mengi ya yale aliyokuwa akiyakanusha. Jiwe la ibada na habari za damu zilitua Brussels katika msimu mmoja.

Mwinuko huo haujaachana na hisani. Kila Novemba, tangu 1966, wajitoleaji wa kampeni ya 11.11.11 huingia mitaani Ubelgiji kuchangisha fedha za mashirika ya maendeleo. Na kwenye Bulevadi Léopold II, barabara inayopanda kuelekea basilika, kwa miaka mingi yamekuwapo makao ya Action Damien, shirika linalopambana na ukoma na kifua kikuu katika nchi kadhaa, Kongo ikiwamo. Kwamba barua za kuwaombea wagonjwa wa Kongo zimetumwa kutoka anwani yenye jina la Leopold ni jambo ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kulibuni, asije akaambiwa ametia chumvi.

Mashirika ya hisani ni wasimulizi, na pengine simulizi zao kuhusu Afrika husomwa Ulaya kuliko riwaya yoyote iliyoandikwa na Mwafrika. Barua inayoangukia sandukuni, bango la kituo cha metro, filamu ya dakika mbili: kila kimoja kina mhusika na mgogoro, kina msimulizi anayejificha au kujionyesha, na kina hadhira inayotakiwa kutenda jambo mara tu simulizi inapokoma. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeziacha simulizi hizi mikononi mwa wataalamu wa matangazo. Nadhani tumekosea, kwa kuwa zilituandika sisi kabla sisi hatujaanza kujiandika katika lugha za kule. Swali ninalotaka kuziuliza ni hili: simulizi ya hisani inapogeuza maoni ya umma, inageuza maoni kuhusu nani?

Hakuna mfano mkubwa kuliko ule wa Kongo. Tarehe 14 Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, alifika mtu aitwaye Nsala wa Wala, akiwa na furushi la majani. Ndani yake mlikuwa na kiganja na unyayo wa bintiye Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Kiwango cha mpira kilichodaiwa kijijini hakikutimia, na walinzi wenye silaha wa kampuni ya ABIR wakamuua mtoto pamoja na mama yake. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa na kamera, alimwomba Nsala akae ukingoni mwa baraza, vipande vile viwe mbele yake, akapiga picha.

Picha hiyo inastahili kusomwa polepole. Mtu amekaa, mwili wake umeelekea kando, macho yako chini. Hatutazami sisi. Hakuna anayelia, hakuna jeraha linalotiririka, na mtazamaji huchelewa kidogo kutambua kile kilichowekwa sakafuni. Kuchelewa huko ndiko kunakomchoma. Kwa muda mfupi anaona baba aliyekaa barazani, jambo la kawaida kabisa, kisha ukawaida huo unavunjika machoni pake mwenyewe, bila mtu yeyote kumwambia ahuzunike. Mtunzi wa hadithi fupi ana la kujifunza hapo.

Alice Harris na mumewe John waliichukua picha hii pamoja na nyingine, wakazunguka nazo Uingereza, kisha Marekani, katika mamia ya mikutano. Picha zilimulikwa ukutani kwa taa maalumu gizani, mara nyingi ndani ya makanisa. Watu waliimba, wakaomba, wakatazama, kisha wakapitisha azimio. Nyuma yao kilikuwapo Chama cha Mageuzi ya Kongo, kilichoundwa Liverpool mwezi Machi 1904. Mhimili wake alikuwa E. D. Morel, aliyewahi kuwa karani wa kampuni ya meli. Morel aligundua siri ya Kongo kwenye vitabu vya hesabu: meli zilirudi Antwerp zikiwa zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikaondoka zikiwa na bunduki na risasi, na bidhaa za kuwalipa watu hazikuonekana. Yeye alikuwa na tarakimu, Alice alikuwa na picha. Leopold naye hakukaa kimya. Aliwalipa waandishi wa habari, akafadhili jarida la kumtetea, akawashutumu wapinzani wake kuwa ni wafanyabiashara wa Liverpool wenye wivu. Lakini Twain alikwisha kuliona: mfalme wa kijitabu chake analalamika kwamba kamera ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Ni kampeni chache za hisani, kabla ya hapo na baada yake, zilizowahi kumnyang'anya mfalme nchi.

Hata hivyo, turudi barazani Baringa. Kabla ya kamera yalikuwapo majani. Nsala hakuokotwa na mpiga picha. Alichagua wasikilizaji wake, akabeba ushahidi wake, akaufunga, akatembea nao, akaufungua mbele ya macho aliyotaka yaone. Hiyo ni hoja iliyokwisha kutungwa, yenye utangulizi wake (furushi lililofungwa) na kilele chake (furushi lililofunguliwa). Kamera ilinakili tamati tu. Kule makanisani simulizi ilianza upya mahali pengine: ilianza na bibi Mkristo aliyeona na akashangaa. Nsala alibaki na jina, jambo ambalo si dogo, kwa maana Morel alilitaja kitabuni. Ila sentensi hakupewa. Msimulizi wa kwanza aligeuzwa kuwa kielelezo.

Shahidi wa pili hakupigwa picha maarufu, na pengine ndiyo sababu wengi hawamjui. Tume ya Uchunguzi ilipozunguka Kongo mwaka 1904 na 1905, ilisikiliza mamia ya mashahidi. Mmoja wao alikuwa Lontulu, chifu wa Bolima. Aliweka juu ya meza ya majaji vijiti 110, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakuu, wanaume, wanawake, watoto. Kisha, kijiti baada ya kijiti, akawataja wafu kwa majina.

Msomaji wa tenzi zetu za vita ataitambua mbinu hiyo. Orodha ya majina, ambayo msomaji wa kigeni huiona inachosha, kwa wenye wafu wao ndiyo kiini cha utungo. Lontulu alifanya kile ambacho picha ya Nsala haikuweza: alikataa mmoja asimame badala ya wote. Kila kijiti kilikuwa sawa na kingine kwa umbo, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Hesabu na maombolezo vilikaa katika kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Tena aliwalazimisha majaji wake wangoje. Huwezi kusikiliza majina 110 kwa haraka.

Ushahidi huo ulifanyiwa nini? Ripoti ya Tume ilichapishwa bila maneno ya mashahidi. Maneno yenyewe yaliandikwa, yakawekwa katika nyaraka za serikali hapa Brussels, na hayakufunguliwa kwa watafiti mpaka miaka ya 1980. Wengi wetu tulikutana na vijiti vya Lontulu kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Adam Hochschild cha mwaka 1998, miaka zaidi ya 90 baada ya chifu kuviweka mezani.

Hapa mhakiki anayependa kuzungumzia sauti za wanyonge hana budi kuwa mkweli. Picha ilishinda. Ushuhuda wenye heshima yote, uliotolewa na mwenyewe kwa lugha yake, ulilala kabatini; taswira iliyopangwa na mgeni ilisaidia kumng'oa mfalme katika muda wa miaka minne. Laiti ningalikuwa katibu wa chama cha hisani mwaka 1905, na ningalilazimika kuchagua kati ya vijiti na picha huku watu wakiendelea kufa, ningalichagua picha. Nalisema hili bila kujificha, kwa sababu tahakiki nyingi za simulizi za misaada huandikwa na watu ambao hawajawahi kuulizwa swali hilo. Mwenye kufa maji haulizi kamba imesokotwa na nani.

Lakini ushindi huo ulikuwa na kimo chake, na kimo hicho kinaonekana katika mambo mawili yaliyofuata.

La kwanza ni koloni lenyewe. Baada ya 1908 umma wa Ulaya uliona kazi imekwisha. Chama cha Mageuzi kilijivunja mwaka 1913. Kule Kongo kodi ya kichwa iliwasukuma watu migodini, kilimo cha lazima cha pamba kikaanza mwaka 1917, na mjeledi wa ngozi ya kiboko ukaendelea kuanguka migongoni kwa miongo mingine mingi. Haya hayakuwa na picha, au yalikuwa na picha za aina nyingine: shule, hospitali, reli. Maoni yaliyogeuzwa yalikuwa maoni kuhusu Leopold. Mhalifu alipoondoka jukwaani, mchezo ulihesabiwa umekwisha, ingawa waliokuwa wakichapwa walikuwa bado wamelala kifudifudi.

La pili ni Morel. Mwaka 1920 mtu huyohuyo aliandika kijitabu dhidi ya askari weusi ambao Ufaransa iliwaweka kwenye bonde la Rhine nchini Ujerumani baada ya Vita Kuu. Humo Mwafrika ni mnyama wa tamaa asiyezuilika, tishio kwa kila mwanamke mweupe. Kijitabu kilichapishwa tena na tena na kufasiriwa katika lugha kadhaa. Waandishi wa maisha yake huhangaika na sura hii, wengine wakiiita kupotoka. Kwangu mimi si kupotoka hata kidogo. Zana ni zilezile: mwathiriwa asiyesema, mhalifu aliyechorwa kwa rangi moja, msomaji anayeitwa kuwa mwokozi, na mwandishi anayesimama katikati kama mpatanishi wa dhamiri. Kilichobadilika ni nani amewekwa penye nafasi gani. Huruma iliyomjengea Nsala kiti ukingoni mwa baraza haikumtaka Mwafrika asimame na kuongea. Kwa hiyo aliposimama, akiwa na bunduki na sare ya Ufaransa, haikuwa na neno la kumwita isipokuwa lile la hofu.

Mashirika ya siku hizi yanajua sehemu ya haya. Baada ya picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985 kuzunguka dunia, mashirika ya maendeleo ya Ulaya yalipitisha mwaka 1989 kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, na shirikisho lao, CONCORD, lenye makao hapahapa Brussels, likapitisha nyingine mwaka 2006. Zinasema mambo mema: heshima, ukweli, ridhaa ya mhusika. Tangu hapo mtoto wa bango amepata tabasamu. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa tabasamu hilo halijabadilisha sarufi ya simulizi. Mtoto bado anatazamwa, na sentensi iliyo chini ya picha bado inamwambia mtazamaji habari za mtazamaji mwenyewe: ukitoa kiasi fulani, utaokoa.

Gharama ya sarufi hiyo haikuishia kwenye heshima. Mwaka 2012 mtafiti Séverine Autesserre aliandika katika jarida la African Affairs kuhusu simulizi zilizotawala mashariki ya Kongo: chanzo cha vita ni madini, athari yake kuu ni ubakaji, na dawa yake ni kuiimarisha dola. Kila moja ina ukweli ndani yake. Zikiwekwa pamoja zilikuwa na wepesi ambao wanakampeni waliupenda: simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Ulaya au Marekani iliunganishwa na maumivu ya mwanamke wa Kivu kwa mstari mmoja ulionyooka. Migogoro ya ardhi, uongozi wa kimila, mizozo ya kijiji na kijiji haikuwa na nafasi kwenye bango. Sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya maeneo ya vita ilisukumwa kwa sehemu kubwa na simulizi hiyo. Septemba mwaka huo Rais Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011, na wachimbaji wadogo, ambao simulizi ilidai kuwatetea, wakakosa chakula.

Mfano mwingine wa miaka hiyo unatugusa zaidi sisi watu wa lugha. Mwaka 2015 filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman kuhusu Dk. Denis Mukwege na hospitali ya Panzi ilipigwa marufuku kwa muda mjini Kinshasa. Msemaji wa serikali alidai, pamoja na mambo mengine, kwamba maneno ya wanawake yaliyosemwa kwa lugha ya nyumbani yalifasiriwa vibaya kwenye skrini. Dai hilo lilikuwa ngao ya jeshi, na marufuku iliondolewa baada ya wiki chache. Ila kwa bahati yake mbaya msemaji aligusa jambo la kweli: anayeshika maandishi ya tafsiri ndiye anayeshika simulizi. Mwanamke wa Kivu husema Kiswahili, mtazamaji wa Brussels husoma Kifaransa, na kati yao kuna mstari mmoja mweupe chini ya picha ambao si yeye wala huyu anayeweza kuukagua. Msomaji wa jarida hili anaweza. Sioni kwa nini ujuzi huo tuutumie kuhakiki mashairi peke yake.

Je, kuna namna nyingine ya kusimulia ukatili huohuo? Ipo, na ina jina la Kiswahili. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliwauzia watu wa kawaida picha za kutundika ukutani nyumbani. Aina mojawapo iliyopendwa sana iliitwa kwa Kifaransa Colonie belge: askari wa kikoloni anamchapa mfungwa, mzungu anasimamia, wanawake wanalia pembeni. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliowahoji wachoraji na wanunuzi, waliripoti kwamba wenyewe walikuwa na neno la kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho.

Ilinganishe na taa ya Alice Harris. Maudhui ni yaleyale, mwili wa Mkongo chini ya mateso. Chombo kinakaribiana: picha ukutani. Tofauti ipo kwa aliyeketi mbele yake. Kanisani Uingereza aliketi mtu ambaye hajawahi kuchapwa, na picha ilidumu dakika chache kabla ya kupitishwa azimio. Sebuleni Kolwezi aliketi aliyechapwa, au mtoto wake, na picha ilikaa miaka, watu wakila chini yake, wageni wakiuliza, wenyeji wakijibu. Huruma humtaka mtazamaji ahisi. Ukumbusho humtaka aongee. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mkuu wa mkondo huo, alipomsimulia Johannes Fabian historia nzima ya Kongo katika michoro zaidi ya mia moja mwaka 1973 na 1974, alifanya hivyo kwa Kiswahili cha Katanga, akieleza, akibishana, akisahihisha. Kabla yake, mwaka 1965, André Yav alikwisha kuandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa Wazungu. Yav hamwombi msomaji wake mchango. Anazungumza na wenzake wanaojua jikoni kulikuwaje, na kwa kuwa hana mgeni wa kumlainisha, hana haja ya kumfanya yeyote kuwa malaika.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukumbusho ni mazungumzo ya ndani, na shirika la hisani linahitaji kumfikia aliye nje. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu wakati ambapo ndani na nje vilitenganishwa na bahari. Ganshoren imelidhoofisha.

Tarehe 5 Oktoba 2018 ilitangazwa kwamba Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, angepewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Siku tisa baadaye wapiga kura wa Ganshoren walimchagua Pierre Kompany, naye mzaliwa wa Bukavu, aliyefika Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi. Akawa meya wa kwanza mweusi katika nchi hiyo. Magazeti ya dunia yalipenda kumtambulisha kwanza kama baba wa mwanasoka Vincent Kompany, ambaye kwa miaka mingi amekuwa balozi wa vijiji vya watoto vya SOS. Simulizi ya mkimbizi aliyekuwa meya ni tamu, na utamu wake unapaswa kututia shaka kidogo, kwani nayo humpa mwenyeji sifa ya ukarimu. Mimi kinachonivutia ni sanduku la barua. Barua ya hisani inayoeleza habari za mtoto wa Bukavu ilipotiwa katika masanduku ya Ganshoren, mojawapo ya masanduku hayo lilikuwa la mtu wa Bukavu, tena mwenye mamlaka juu ya mtaa. Aliyesimuliwa amekuwa miongoni mwa wasomaji.

Hali hiyo inaubadilisha utanzu wenyewe. Mtambaji wa pwani hawezi kuanza mpaka aitikiwe: akisema "Paukwa!" lazima asikie "Pakawa!", na mwitikio huo ni ruhusa, pia ni onyo kwamba waliopo wanasikiliza na wanaweza kumkatiza. Simulizi ya hisani ilizoea kutambwa mahali ambapo mwenye kisa hawezi kukatiza. Msichana wa Ganshoren anayesubiri metro Simonis akiwa na mkoba wa shule hulisoma bango lilelile wanalolisoma wenzake darasani, kisha wenzake humgeukia yeye. Tusisahau kwamba ada ya mkoba huo huenda imelipwa na mama anayetuma fedha Bukavu kila mwezi, bila bango na bila kamera.

Wapo walioelewa mapema. Chama cha Collectif Mémoire Coloniale et Lutte contre les Discriminations huwatembeza watu mitaani Brussels, na msimulizi husimama mbele ya sanamu na majengo akieleza yalijengwa kwa nini. Hakuna picha ya maiti. Kuna jengo, kuna tarehe, kuna mtu anayeweza kuulizwa swali na akajibu papo hapo. Baada ya miaka ya kudai na kukataliwa, wanaharakati walipata uwanja wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa kwenye mlango wa Matonge tarehe 30 Juni 2018. Wanawake watano machotara, waliotwaliwa utotoni kutoka kwa mama zao Kongo na kupelekwa misheni, waliyasema yao wenyewe mahakamani. Walishindwa mara ya kwanza, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikaitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Hapo, baada ya zaidi ya karne, majaji walikaa tena wakasikiliza majina, na safari hii maneno hayakufungiwa kabatini.

Sisemi kwamba njia hii inashinda daima. Tume ya bunge kuhusu historia ya ukoloni, iliyoundwa mwaka 2020 baada ya maandamano ya Juni mwaka huo, ilisikiliza mashahidi wengi, Wakongo na wanadiaspora wakiwamo, kisha mwezi Desemba 2022 ikavunjika bila makubaliano kwa sababu ya neno moja, radhi. Mfalme Philippe alikwisha kutamka majuto yake makubwa katika barua ya 30 Juni 2020, akayarudia Kinshasa mwaka 2022. Majuto yanaweza kuwa ya mtazamaji. Radhi huhitaji mtu wa pili aliye mbele yako. Wabunge walilielewa hilo vizuri zaidi kuliko waandishi wengi wa mabango, ndiyo maana wakashindwa kulipitisha.

Chini ya mwinuko wa basilika, kuelekea katikati ya mji, linapita handaki la magari ambalo kwa miongo liliitwa kwa jina la Leopold wa Pili. Mamlaka ya mkoa wa Brussels iliamua lipewe jina la mwanamke na kuwaachia wananchi wachague. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mshindi ni Annie Cordy, mwimbaji kipenzi wa Wabelgiji, mzaliwa wa Laeken. Umma ulikuwa tayari kumwondoa mfalme. Mara tu baada ya tangazo watu wa asili ya Afrika walikumbusha kwamba mmoja wa nyimbo zake mashuhuri huwachora Waafrika kwa dhihaka. Wengi waliimba wimbo huo shuleni na hawakuwahi kuusikia hivyo.